Mjumbe Aliyekataa Kuitwa Mama

Saa tatu asubuhi, Alasi Qarpik amepiga magoti jikoni kwake katika kijiji cha Kuugaluk, kaskazini kabisa kwenye barafu. Mguu wa kulungu ulioganda umelazwa juu ya boksi lililokunjuliwa sakafuni, naye anaukata vipande huku simu ameibana begani. Mama mmoja analalamika kuwa lori la maji limeiruka nyumba yake siku mbili.

"Dereva nitampigia mimi, shemeji. Ila na wewe toa lile gari lako la theluji njiani. Lori litapita wapi?"

Ana miaka 58, na kumi na miwili kati ya hiyo ameitumia kukiwakilisha kijiji katika baraza la mkoa. Kabla ya hapo alikuwa mkalimani wa zahanati. Kila mjamzito alipofikisha wiki ya 36, ni yeye aliyemsindikiza hadi kwenye ndege ya kwenda hospitali ya kusini kujifungua peke yake, kwani kijijini hakuna pa kuzalia. Mwaka jana waliondoka hivyo 26.

"Mimi mwenyewe nilimzaa binti yangu huko nikitazama ukuta," anasema. "Nesi alikuwa mwema. Lakini hakukuwa na mtu wa kumnong'oneza mtoto, kama ilivyo desturi yetu, jina la marehemu aliyerudi kupitia yeye."

Vuli iliyopita alipeleka barazani hoja ya kujenga nyumba ya uzazi hapo kijijini. Kura tisa, na ya kuamua ilikuwa mkononi mwa mjumbe mwenzake, mzee Putulik Ammaq, miaka 79, aliyetaka fedha zijenge ghala la uwanja wa ndege.

Hapo kijiji kizima kikatabasamu. Alasi alipozaliwa alipewa jina la marehemu mama yake Putulik, na tangu yuko kwenye mbeleko mzee humwita Mama na kumletea ini la sili wa kwanza anayemwinda baharini kila msimu. Mama akiomba, mwana atakataaje?

Alasi akasimama. "Leo usiniite Mama. Niite mjumbe. Ukinipa kura kwa ajili ya jina, nyumba itakuwa zawadi yako, si haki ya wajawazito."

Mzee akapiga kura ya hapana. Hoja ikaanguka kwa kura moja, na Alasi akanuniwa na binamu yake mwezi mzima. Ni ujasiri wa kutisha, kushindwa hivyo kwa hiari na kesho yake kuamka kushughulikia lori la maji.

Tangu hapo kila Jumanne mchana alikwenda redio ya kijiji akawaomba wanawake wapige simu wasimulie walivyojifungua. Yeye hakubishana na mtu. Wiki ya saba ikaingia sauti ya Putulik.

"Mjumbe, marehemu mke wangu alikwenda kusini mara nne. Sikuwahi kumuuliza kulikuwaje."

Februari hoja ikarudi, na mkono wa kwanza kuinuka ulikuwa wa mzee.

Mbao zitakuja na meli ya Agosti. Alasi amepanga kuwepo mtoto wa kwanza atakapozaliwa humo, na jina la mtoto huyo tayari lina mwombaji. Putulik, ambaye kifua kinamsumbua, alikuja wiki iliyopita akavua kofia mlangoni.

"Mara ya kwanza nilizaliwa hapa, hemani. Nikifa na kurudi, nataka iwe hapa hapa, Mama."

Alasi alimsogezea kikombe cha chai. "Subiri meli kwanza, mwanangu," akamwambia. "Nyumba bado haina paa."