Mashine ndiyo imechagua mtoto wa kuondoka Bunia

Admin, ukiweka hii ficha jina langu na hata avenue yetu usiitaje, maana familia nzima ya bwana wangu inafuata page hii. Majina ya watoto nimeyabadilisha.

Mimi ni mama wa miaka 37, niko Bunia, ninauza maharagwe kwa jumla. Masomo yangu yaliishia primaire ya tano, lakini dépôt ya magunia niliyo nayo sikupewa na mtu. Nilianza na kikombe kimoja cha kupimia, nimekaa chini kwenye vumbi. Hesabu ninafanya kichwani. Ninasema haya ili mjue siyo kulia tu ninachojua.

Zamani tulikaa upande wa Bambu. Vita ilipofika, mdogo wa bwana wangu aliuawa pamoja na bibi yake, wakatuachia mtoto wao, Héritier. Tulikimbia naye pamoja na binti yangu Furaha. Wako umri mmoja, sasa wana miaka kumi na tatu, na Héritier ananiita Mama kama Furaha anavyoniita.

Mwezi uliopita risasi zilianza tena kusikika karibu. Kaka mkubwa wa bwana wangu, anayekaa Kampala, akasema anaweza kupokea mtoto na kumtia shuleni kule. Mmoja tu, kwa sababu yeye mwenyewe amebanana na watoto wake. Sasa nani? Kwetu swali kama hilo linapasua ukoo. Nikisema Furaha, nimemtupa yatima. Bwana wangu akisema Héritier, ndugu zangu watasema mtoto wa kike hahesabiwi. Basi shemeki, huyo wa Kampala, akatuma link ya test ya akili, ile ya kufanya kwenye simu, na audio juu yake:

«Wafanye wote wawili. Mwenye points nyingi ndiye atakuja. Mashine haina kabila, haina shemeki, haina mutoto wa ndugu. Hakuna mutu atanung'unika.»

Wote wakashangilia. Hapa kwetu, ambapo watu wanauliza kabila lako kabla ya jina, kitu kisichouliza kabila kilionekana kama haki yenyewe. Na mimi nilikubali.

Héritier alifanya asubuhi, akapata 112. Furaha alifanya jioni kwa simu ileile, saa ambayo Bunia nzima imejaa kwenye réseau ya internet. Akapata 76. Chini waliandika kwamba akili yake haifiki wastani. Bwana wangu aliyasoma kwa sauti, mtoto amesimama pale pale.

«Bon,» akasema. «Imesema yenyewe.»

Mimi nikaingia mwenyewe kwenye ile test. Asubuhi, 104. Jioni nikarudia, 79. Kichwa ni hiki hiki! Nikachunguza: picha bado inazunguka haijafunguka, lakini saa yao inakimbia. Ukija kuliona swali, muda umekwisha na wamekuandikia kosa. Swali lingine linaonyesha vyombo vya kuteleza juu ya barafu, uchague kisichofanana na vingine. Siye hapa barafu tunaijua ile ya kwenye sachet, ya kunyonya.

Nikampigia shemeki. «Shemeki, muzani ikisema kilo asubuhi, na jioni iseme nusu kilo, utanunua nayo?»

Akacheka sana. «Aah, Mama Maharagwe! Leo weye ndiye utafundisha wenye kutengeneza test?»

«Sifundishe mutu. Ninauliza.»

«Basi Furaha arudilie mara moja, Siku ya Mungu, mbele ya baba yake. Akimupita Héritier, nabadilisha. Kisha sitaki makelele tena.»

Nilidhani nimeshinda, kumbe nimejifunga mwenyewe. Maswali ni yale yale, na mwisho wanaonyesha majibu, yote ninayo kichwani. Nikikaa na Furaha kidogo tu, atapita 112. Halafu nitamwambia nini Héritier, ambaye ameshakunja nguo zake, na ambaye jana aliniuliza, «Mama, kule Kampala kunakuwaka masasi?»

Lakini na Furaha naye! Zamani kwenye dépôt nikiuliza hesabu, anajibu kabla sijamaliza. Sasa anasema, «Uliza Héritier, yeye ndiye iko na akili.» Na huyu ndiye mtoto ambaye, siku tulipokimbia, wakubwa wote walitaka kupita njia fupi, akanivuta kitenge: «Mama, leo iko soko kule. Mbona hakuna mama hata mumoja mwenye kurudi na kitunga?» Tukasimama, tukaona ni kweli, tukazunguka porini. Waliopita njia ile hatukuwaona tena. Bwana wangu alikuwapo, amemshika Héritier mkono. Nilimuuliza, «Swali lile la Furaha, mashine imelipa points ngapi?» Akaangalia chini. «Yaya ameshaamua,» akasema, yaani mkubwa wake.

Jana nilishindwa kuvumilia. Nikamkalisha Furaha nyuma ya magunia, nikafungua swali la kwanza bila kumwambia jibu. Nilikiona kidole chake kikienda palipo sawa, kikasimama. Akanitazama usoni, kisha akabonyeza pengine.

«Furaha, si umeliona jibu?»

«Nimeliona, Mama. Lakini Héritier akibaki huku, akufe, nani atamulilia? Mimi niko na weye.»

Msiniambie niombe, ninaomba. Msiniambie waende wote, nimeuliza nikakataliwa. Ninyi mlio wengi, mlio na watoto wenu na walioachwa na ndugu zenu, nishaurini. Siku ya Mungu tukitoka kanisani watanidai simu. Nimpe mtoto huyu, nikijua atajifanya mjinga? Nifanye nini mimi?