Kisigino Kikavu

Juzi niliposhuka garimoshi Korogwe, nikiwa njiani kurudi kwetu Handeni, nilikuta bomba la stesheni likimwaga maji ovyo, nikaanza kutia udhu, mguu mmoja nikaurudia mara ya tano. Mwanamke aliyesubiri nyuma yangu akaguna, "Dada, unauosha mguu au unautafuta?" Nikacheka peke yangu. Maneno kama hayo niliyazoea utotoni, kwa bibi.

Rafiki yangu, maji ya Handeni hayakuwa ya mchezo. Tuliyachota kwenye shimo mtoni, mchangani palipokauka, tukipishana na wachukuzi waliopeleka mitungi bomani kwa Mdachi. Maji ya mtungi wetu tulipikia mboga chungu ya mchunga na bada, ugali wetu wa muhogo, na yaliyobaki tukatilia udhu.

Sasa mwalimu wa chuo cha Kurani alitufundisha kwamba kisigino kisipolowa, udhu haupo, na moto unakingoja. Wenzangu walisikia wakaenda kucheza. Mimi nilirudi nyumbani na kisigino changu. Kila magharibi niliosha, nikatia shaka, nikaanza upya. Nyumba nzima ilimaliza kuswali nami bado nimechuchumaa, nalia, nikiamini Mungu hajapokea swala yangu hata moja. Jioni moja nikaumaliza mtungi kabla bada haijasongwa.

"Bibi, mjukuu wako atayeyuka!" jirani akapaza sauti kutoka uani kwake.

"Ayeyuke basi, tupate maji ya kusongea bada," bibi akajibu.

Hakunipiga. Kesho yake alinipa kata moja ya maji, akachuchumaa kando yangu. "Kila kiungo kioshe, ukishukuru kwa kazi yake ya leo. Ukishashukuru, kiache. Kurudia ni kudai nyongeza."

Nikaishukuru mikono kwa kuchuma mchunga, pua kwa kunusa moshi wa jikoni. Kwenye kisigino nikakwama. "Hiki hakina kazi, bibi."

"Alaa! Ulipomkimbia mbuzi wa jirani, ulikanyagia masikio?"

Nikaangua kicheko, nikakishukuru, na kabla hofu haijanikumbuka nilikuwa nimeshasimama mkekani. Niliswali mpaka mwisho. Usingizi wa siku ile, jamani!

Baadaye nikamsikia bibi mwenyewe akisukutua, kibogoyo mtupu, akinong'ona: "Nanyi meno, ahsanteni. Mlitafuna vizuri mpaka siku ya kuondoka."

Bibi ameshafariki. Shimo limefukiwa na mchanga, na uani kwetu imepita barabara ya boma. Kilichobaki kizima ni wasiwasi wangu. Meno yangu yapo yote, lakini kila nikisukutua nayashukuru yale ya bibi.