Ukuta Ulioshika Zambarau

Kwa miaka kumi na tisa Mukankusi amepima vijidudu katika kituo kimoja cha afya mjini Gisenyi, na miaka yote hiyo saa yake imekuwa sala. Kazi alifunzwa Goma, kwa masista, katika maabara ambayo saa ya ukutani ilikuwa imekufa: Salamu Maria moja kwa Kifaransa ndio muda wa spiriti kuosha rangi juu ya kioo cha kupimia. Vijana wa maabara humcheka. Wacheke tu, jibu lake halijawahi kurudishwa.

Asubuhi hiyo yaliletwa maji ya uti wa mgongo ya binti wa Belise, mchuuzi wa karoti kutoka Cyanzarwe. Mtoto ana miezi mitano, shingo imekakamaa, amechomwa dawa ya kwanza na homa haibanduki. Daktari Shema, aliyekulia Tanzania, alisimama mlangoni.

"Mama, nataka kujua kijidudu hiki kina ukuta gani. Nikikosea dawa, tutampoteza."

Maana chembe za miili yetu hazina ukuta, lakini kijidudu kimejijengea wake, kisipasuke kwa maji. Ukuta mnene hung'ang'ania rangi ya zambarau hata spiriti ikipita. Mwembamba huiachia, kisha hupokea nyekundu. Ziko dawa zinazouvuruga ukuta huo hadi kijidudu kipasuke, nasi tukabaki salama. Ila dawa ya mnene si lazima iuweze mwembamba.

Mukankusi alimwaga zambarau juu ya kioo, akaja na iodini ya kuishikiza, halafu spiriti. *Je vous salue, Marie.* Sura ya mtoto ikamjia, akaisali kwa moyo wote, neno kwa neno. Akamalizia na nyekundu. Kwenye hadubini vijidudu viliketi viwili viwili, vyekundu.

"Nyekundu, dokta," alisema. Shema akaondoka mbio.

Ndipo akasogeza kioo hadi pembeni, ambapo kila mara hupaka tone la ikivuguto, maziwa ya mgando, la kuhakikishia rangi. Vijidudu vya maziwa hayo vina ukuta mnene, na siku zote hutoka zambarau. Leo vilikuwa vyekundu. Alikuwa ameosha kupita kiasi, kwa sababu siku nyingine sala huikimbiza mdomoni tu, na leo alikuwa amesali kweli, polepole.

Alikimbia hadi wodini. "Dokta, musimuchome. Mi nimekosea."

Shema alishusha sindano. Hakumkaripia, na hilo lilimuuma zaidi. "Yamebaki maji?"

"Tone moja."

Alianza upya. Spiriti ilipogusa kioo, midomo yake ilikwenda yenyewe kwenye *Je vous*, akaiuma. Aliikodolea macho saa ya simu, sekunde kwa sekunde. Aliona aibu kama mtu aliyemfungia Mama Maria nje, lakini hakusali.

Maziwa yalitoka zambarau. Na maji ya mtoto pia, na Shema akamchoma dawa ya ukuta mnene.

Siku ya nne mtoto alinyonya, na Belise akaja maabara na fungu la karoti.

"Mama, banasema wewe njo uliombea mutoto wangu."

Mukankusi alizitazama zile karoti, hakuzigusa.

"Nilimuombea mara ya kwanza, mama, na karibu nimuue. Mara ya pili niliangalia saa."