Mume Mmoja, Ripoti Tatu

Saa mbili asubuhi, na macho ya mhadhiri yameshachoka. Ameketi kwenye kiti kinachoyumba katika chumba cha walimu wa muda, mbele ya rundo la ripoti za utafiti za mwaka wa mwisho. Anapangusa miwani kwa upindo wa blauzi, anafungua ripoti nyingine. Haanzi na sura ya kwanza. Anaanza na shukrani.

"Hapo ndipo mtu husema kwa sauti yake," anasema. "Huko mbele wote wanaongea kama mtu mmoja."

Wanafunzi humwita Madamu Ushahidi, maana hata ukimwambia mvua inanyesha atakuuliza umejuaje. Amefundisha somo la utafiti miaka tisa, kwa mkataba wa muhula kwa muhula. Hulipwa kwa kila ripoti, mara moja tu. Ikirudiwa kuandikwa, anaisoma bure.

Wiki hii shukrani zimemchezea shere. Ripoti ya kwanza ilimshukuru "mume wangu mpenzi kwa uvumilivu wake". Ya pili, ya binti mwingine, ikamshukuru mume huyohuyo kwa uvumilivu uleule. Ya tatu ni ya kijana ambaye darasa zima linamwita Ndevu, na jina hilo hakupewa bure.

Nyumbani, mumewe, fundi wa kuchomelea vyuma, alicheka hadi akaweka kikombe chini. "Mama watoto, huyo bwana kweli ana uvumilivu. Wake watatu, na mmoja ana ndevu."

Yeye hakucheka sana. Anayenakili hupata sifuri, na mwenye sifuri hahitimu. Kwa mabinti hakusita, kwani hawakuwa na hata dodoso moja la kuonyesha. Njia ya mwongo ni fupi, na yao iliishia kwenye duka la kuchapa. Kisha akamwita Ndevu.

"Una mume?"

"Hapana, Madamu. Hata mke sina." Akainama. "Niliinunua dukani. Sura ya nne tu, ya matokeo ya utafiti, ndiyo yangu."

"Ushahidi uko wapi?"

Kijana akatoka, akarudi na mfuko wa madodoso, mengine yana tope. Aliwauliza wachota maji wa mtaani kwao wanapanga foleni kwa muda gani. Waliokataa kujibu, aliandika kwamba wamekataa. Wenzake, anasema mhadhiri, huandika kwamba kila mtu alijibu.

"Sasa kazi umeifanya, maneno ukanunua ya nini?"

"Kutembea naweza, Madamu. Kuandika kitaalamu ndiko kulikonishinda."

Mkuu wa idara alimshauri atie sifuri, yaishe. "Mkataba wako unaisha muhula huu, dada. Usijitafutie makubwa."

Ushauri haukuwa mbaya, anakiri, na amechoka kweli. Hata hivyo amempa Ndevu wiki moja aandike upya. Kwenye karatasi ya matokeo ameiacha nafasi yake wazi, na atakayeulizwa ni yeye mhadhiri.

"Sitaki aandike kitaalamu, aandike mwenyewe," anasema. "Makosa yake nitayasahihisha. Usahihi wa kununua niutie alama gani?"

Ijumaa ndiyo mwisho. Kijana akileta, Madamu Ushahidi ataanza na shukrani, aone safari hii anamshukuru nani.