Jeneza la Ghala la Mbata

Ijumaa iliyopita nilikuwa Kisauni, nimekaa kwenye benchi la muuza kahawa kando ya njia ya Junda, jeneza likapita. Wajua watu wanavyoinuka. Fundi baiskeli aliacha gurudumu linazunguka hewani. Mtu aliyekuwa akinyolewa alitoka kwa kinyozi na povu shavuni. Nami nikaweka kikombe chini, nikakimbia, nikapenya mpaka mbele upande wa kushoto, nikatia bega. Desturi yetu ni kubeba hatua kumi, kumi na tano, kisha mwenzio akikugusa mgongoni unampisha, naye apate thawabu. Mimi niliguswa mara tatu na sikumpisha mtu. Kijana mmoja akaniuliza kwa adabu, huku anahema, "Mzee, ni jamaa yako?"

Sikumjibu. Yule maiti sikumjua hata jina. Lakini swali lile limenikaa kifuani wiki nzima, na leo nimeona nikueleze weye, rafiki yangu, kwa sababu najua una subira ya kusikiliza.

Shule niliiacha darasa la sita. Haikuwa kwa ukosefu wa akili, wala nyanya yangu hakuchoka kunisomesha. Nilikuwa siwezi kukaa. Nikiona lori linapita nataka kujua linakwenda wapi, nikiona mtu anachimba kisima nataka kusimama pale mpaka maji yatoke. Mwalimu wa hesabu alikuwa akiniambia, "Weye mwili uko hapa, lakini roho iko Mariakani." Alikuwa na haki.

Wenzangu wa dhati walikuwa watatu. Mmoja mwana wa seremala, mpole, mikono yake daima ina vumbi la mbao. Wa pili alikuwa kijana wa bara, babake mfanyakazi wa bandarini Kipevu, aliyekuja Kisauni mdogo lakini Kiswahili chake hakikuacha kutuchekesha. Wa tatu ndiye hasa ninayekuandikia habari zake, mwana wa mwalimu wa chuo, yaani mwalimu aliyetufundisha Kurani sote isipokuwa yule wa bara. Huyu mwana wa mwalimu alikuwa mwembamba, ana sauti nene isiyofanana na mwili wake, na alikuwa hawezi kusimulia jambo bila kusimama na kuliigiza.

Kila Ijumaa, watu wakitoka msikitini, tulikula kwa nyanya. Miaka ile ya themanini ilikuwa ikiishia na vyakula havikuwa vingi, lakini Ijumaa nyanya alikuwa hakubali mchezo. Wali wa nazi uliopikwa kwa kuni za makumbi mpaka ukashika harufu ya moshi kidogo, samaki wa kupaka aliyechomwa akapakwa tui zito la ukwaju, na achari ya embe kwenye kibakuli kilichovunjika mdomo. Sinia moja, watu wanne, kila mtu na upande wake. Kuvuka kwenda upande wa mwenzio kulikuwa aibu. Nyanya aliketi kwenye kibao cha mbuzi akitutazama, na ukoko wa chini ya chungu alimpa aliyenawa wa kwanza. Yule wa bara alijifunza kunawa mbio kuliko sisi.

Ni kwenye sinia lile ndipo mwana wa mwalimu alipotuambia ametunga mchezo wa kuigiza. Nyuma ya nyumba zetu palikuwa na ghala la mbata, yaani nazi zilizokaushwa, lililofungwa, la mtu aliyehamia mjini, na bawabu wake alikuwa rafiki yetu. Tungelifanya ukumbi. Mchezo wenyewe ulikuwa wa tajiri anayejifanya amekufa ili ajue nani atamlilia. Anavikwa sanda, anabebwa kwenye jeneza, na njiani anainuka ghafla, anawatazama watu wote na kuuliza, "Nani amenililia?" Hapo ndipo siri zote zinapofichuka.

Nyanya aliacha kukuna nazi. "Chezeni mtakavyo," akasema, "lakini msinilazie mtu kwenye jeneza na roho yake imo."

"Nyanya, ni mchezo tu."

"Hata kufa ni mchezo? Shuka yangu sitoi."

Na kweli hakutoa. Sanda tuliishona kwa magunia ya unga, maandishi tukayageuza ndani. Mwana wa seremala aliunda jeneza la miti ya mikoko na kamba za makumbi, zuri kuliko la msikiti, na juu yake tukatandika pazia la kijani. Pazia la jukwaa lilikuwa leso tulizoazima kwa mama zetu, kila mmoja akaapizwa asiirudishe na doa.

Lakini palikuwa na jambo jingine lililomla mwenzetu. Mwalimu, babake, alichukizwa na mambo ya maigizo. Tangu alipojua, ilikuwa miezi saba, hasemi na mwanawe. Salamu aliitikia, kwa kuwa salamu kuijibu ni wajibu. "Waalaikumu salamu," basi, baada ya hapo hapana neno. Wanakaa nyumba moja, wanakula chungu kimoja, na maneno hakuna. Mwenzetu alikuwa akituigizia jinsi babake anavyomkwepa mlangoni, tukicheka, kisha anaacha kuigiza na sisi tunaacha kucheka. Alichotaka kwenye mchezo ule si makofi. Alitaka babake aje.

Siku ya onyesho ilikuwa Ijumaa. Tulikula chakula cha mchana kama kawaida, ila mwana wa mwalimu hakula, alikuwa akichora tu kwenye wali kwa kidole. Mimi nilikuwa mbebaji wa mbele kushoto, mwana wa seremala mbele kulia, yule wa bara na bawabu nyuma. Ili kumchangamsha nikamwambia, "Usijitie uzito, maiti mwembamba kama weye nitakubeba peke yangu."

Akacheka. Akaniambia, "Basi na siku yangu ya kweli ushike papo hapo, mbele kushoto. Nikikukosa narudi nakupiga kofi."

"Inshallah," nikasema, mdomo umejaa samaki.

Kiingilio kilikuwa nazi moja. Baada ya alasiri watu walianza kuingia, wanaume kushoto, wanawake kulia, wamekaa kwenye magunia, na nazi zikarundikana mlangoni kama kichuguu. Ghala lilikuwa linanuka mbata mpaka kwenye nguo zetu. Mwanga uliingia kwa matundu ya mabati, na jua lilipoteremka bawabu akawasha karabai. Wanawake walitazama pazia wakatambua leso zao, wakaanza kutaniana kabla hata mchezo haujaanza. Mimi nilichungulia. Mwalimu hakuwepo.

Mchezo ulikwenda vizuri. Watu walicheka pa kucheka. Kisha tukamlaza tajiri, tukamfunika, tukaliinua jeneza, tukateremka nalo jukwaani tulizunguke ghala mara moja. Tulikuwa tumekubaliana tusitamke dhikri yoyote kwa heshima ya dini. Tutembee kimya.

Hapo ndipo tulipokosea, kwa maana tulisahau sisi ni watu wa wapi. Muuza kahawa aliyekuwa mbele aliweka birika lake chini akasimama. Hakufikiri, wallahi, mwili wake ulisimama wenyewe. Akasimama wa pili. Mara upande wote wa wanaume umeinuka, mtu anaanza "La ilaha illa Llah", ghala zima linaitikia, mabega yanapishana chini ya jeneza, na jeneza limefika mlangoni.

"Jamani, nyinyi vipi!" yule wa bara alipiga kelele huku ameng'ang'ania nyuma. "Mchezo bado! Hajafa huyu! Mrudisheni!"

Nani amsikie? Tulitoka nje, tukashika njia ya msikitini, na magharibi ilikuwa karibu. Nikaguswa mgongoni. Nikageuka ili nimpishe mtu, nikamwona mwalimu. Sijui alikuwa amesimama nje muda gani, kanzu yake imeshika majani ya ukutani. Nilimpisha. Akatia bega lake mbele kushoto, akaanza kuitikia kwa sauti yake ile ya kutufundishia, na baada ya hatua chache sauti ikakatika, ikarudi, ikakatika tena. Mwanawe juu alikuwa hatikisiki. Baadaye aliniambia, "Nilimsikia babangu. Ningeinukaje?"

Unga uliobaki kwenye gunia ndio uliotuokoa. Maiti alipiga chafya. Kisha, kwa malezi mema aliyolelewa, akasema chini ya pazia, "Alhamdulillahi."

Na mwalimu, kwa malezi yale yale, akaitikia, "Yarhamuka Llahu."

Jeneza likasimama. Watu wakatazamana. Ndipo kicheko kilipoanza, kwanza nyuma, kikaja mbele, watu wazima wakaketi chini barabarani wakishika mbavu. Mwalimu peke yake hakucheka. Alilishusha jeneza polepole, akafunua pazia, akamtazama mwanawe aliyejaa unga kama andazi bichi, akampangusa uso kwa mkono wa kanzu. "Inuka twende nyumbani," akasema. "Mamako anakungoja."

Maneno matano baada ya miezi saba. Mwenzetu aliondoka na babake na sanda yake ya gunia ikiburura mchangani, na lile neno lake la kuinukia, "Nani amenililia?", hakulisema mbele ya watu maishani mwake.

Mbele yetu alilisema. Miaka ilipita, mimi nikawa taniboi, yaani msaidizi wa dereva, wa malori yanayotoka Kipevu kwenda bara, leo Voi, kesho siko. Yeye akapata kazi ya kuwachezea wageni kwenye hoteli za Shanzu. Alipoona sionekani miezi, alimpa dereva mmoja ujumbe, "Mwambie mwenzangu nimefariki, aje anizike." Dereva hakujua ni mzaha. Nilipata habari niko Voi, nikarudi nikilia njia nzima. Nikaingia kwa nyanya nikamkuta mwenzangu amelala mkekani, mikono kifuani, sinia la Ijumaa limetandikwa kando. Akaketi. "Nani amenililia?" Nilimpiga kwa kiatu, kisha tukacheka mpaka samaki akapoa. Nyanya hakucheka. Alisema, "Huu mchezo mtaujutia, na mimi sitawafuta machozi." Mwaka uliofuata akarudia tena, nami nikarudi, ingawa safari hii nilikuwa nimekwisha kushuku, na nilikula nikiwa na furaha kuliko hasira.

Mara ya tatu nilikuwa Mariakani, mwendo mfupi tu kutoka nyumbani. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, nakunywa chai. Dereva akaja na kofia mkononi. "Mwenzio wa Kisauni amefariki. Homa ya siku tatu. Wanakungoja."

Nilicheka. Nilicheka mbele ya watu, nikamwambia, "Kamwambie avumilie kaburini, nitakuja Ijumaa chakula kikiiva." Yule dereva alinitazama kwa namna ambayo mpaka leo naiona. "Mimi nimeambiwa tu," akasema, akavaa kofia yake, akaenda zake. Nikamaliza chai. Nikaongeza na kikombe kingine. Lori letu likapanda Voi, kisha Taveta.

Ijumaa nilirudi na mkungu wa ndizi begani. Nikaingia uani kwa nyanya nikipaza sauti, "Yuwapi huyo maiti wenu?"

Sinia lilikuwa limetandikwa. Mwana wa seremala yupo, kijana wa bara yupo, na upande wa mwana wa mwalimu amekaa mwalimu mwenyewe. Nyanya alikuwa amemwita ili ule upande usikae mtupu. Kijana wa bara aliweka tonge chini akafunika uso kwa mkono mkavu. Mkungu ukaniteremka begani, sikuuona ulipoangukia.

Mwalimu ndiye aliyesema. "Tulikungoja mpaka alasiri. Aliagiza, akiwa bado ana fahamu, kwamba mbele kushoto ni pako. Nikapashika mimi. Ile mara ya kwanza ulinipisha weye. Mara hii hapakuwa na wa kunipisha."

Nilitamani anitukane, lakini alisogea mkekani, akaniachia nafasi, akasema, "Nawa mikono, mwanangu, ule." Nikanawa nikala. Wali ulikuwa wa moto na mimi sikuusikia. Nyanya aliuleta ukoko wote akauweka upande wangu, kisha akaingia ndani, na kama alivyoahidi, hakunifuta machozi.

Sasa nyanya hayuko, mwalimu hayuko. Mwana wa seremala yuko Arabuni, na yule wa bara alirudi kwao. Ghala la mbata limevunjwa, pamejengwa duka la vigae, na Ijumaa iliyopita nilisimama mlangoni nikivuta pumzi kama mwehu nikitafuta harufu ya mbata, mpaka mwenye duka akaniuliza nataka vigae vya rangi gani. Vijana wa mtaa nimewauliza kama wamewahi kusikia habari za jeneza lililopiga chafya. Wamenitazama tu.

Na yule kijana aliyeniuliza njiani, kama utakutana naye, mwambie hivi: la, yule hakuwa jamaa yangu. Mtu wangu alibebwa zamani, Jumamosi baada ya alasiri, wakati mimi nimemaliza chai Mariakani, na mahali pangu alisimama babake.