Bedpani Nimepasha Mimi, Asante Kapewa Neema

Leo nimeshikwa na wivu kwa sababu ya bedpani, kile chombo cha mgonjwa kujisaidia kitandani. Msicheke kwanza.

Wodini tuna bibi mmoja wa Mwaya, kijiji cha huku Kyela. Kavunjika nyonga, na macho hayaoni vizuri. Nikimpelekea bedpani mimi, ananiambia hana haja. Nikigeuka tu: "Neema yuko wapi?"

Neema ni nesi mwenzangu, mtoto wa hapa hapa Kyela. Mimi nimeletwa na ajira kutoka Singida, kwa hiyo nikajua wanapendeleana kwa Kinyakyusa chao. Roho iliniuma!

Basi asubuhi nikachungulia nyuma ya pazia. Kumbe mwenzangu anaisuuza bedpani kwa maji ya moto, anaikausha, anaipima joto mkononi, ndiyo anamwekea bibi. Halafu anampa mgongo, anajifanya anakunja mashuka.

Ni hayo tu?!

Mchana nikafanya vilevile, kimya kimya, nisije nikaharibu. Bibi akajisaidia vizuri kabisa. Nikamsafisha taratibu, nikamkausha, nikamfunika kanga yake.

Akashusha pumzi.

"Ndaga fijo, Neema wangu. Asante sana. Yule mwingine angenigandisha makalio."

Yule mwingine ndiye mimi.

Nikafungua mdomo nimwambie. Sauti ikatoka mlangoni:

"Karibu, bibi!"

Neema huyo, kaegemea mlango, meno yote nje.

Na mimi nimesimama katikati yao, bedpani imejaa mkononi.

Semeni wenyewe jamani, ningeimwaga wapi?