Tairi Niliyoipaka Rangi ya Viatu

Kabla hamjaanza kunicheka, wacha nijicheke mwenyewe kwanza, maana najua habari hii imefika shuleni kabla yangu, na imefika ikiwa imeongezwa chumvi, eti nilipigana na mbuzi akanishinda, eti nililia kwenye maiki watu wote wakisikia. Uongo mtupu. Sikulia. (Machozi yalitoka, lakini hayo yalikuwa ya vumbi.)

Mambo yenyewe yalianza na bega la mjomba Nzioka. Mjomba ni ndugu yake mama, fundi wa pikipiki hapa Machakos, na kila Desemba yeye na waendeshaji wenzake hukutana kwenye uwanja wa mnada wa ng'ombe kule Mwala, siku isiyo ya mnada, wanachora njia kwa majivu, wanashindana. Si mashindano ya televisheni. Mshindi anapewa nthenge, yaani beberu wa kishindo, pamoja na ruhusa ya kuringa mwaka mzima. Sasa Desemba hii iliyopita mjomba alianguka akaumia bega, na hakuanguka kutoka kwa pikipiki, alianguka kutoka juu ya paa la jikoni kwa susu (susu ni nyanya yangu), alikokuwa amepanda kutafuta mtandao wa simu. Nadhani aibu ilimuuma kuliko bega. Mkono ukafungwa shingoni, na pikipiki yake, tunayoiita Kavaluku, jina la sungura kwetu Ukambani, ikabaki bila mtu wa kuikimbiza.

"Mjomba, si mimi niko," nikasema.

Akaniangalia kutoka juu hadi chini, kisha akarudi juu. "Wewe? Wewe kikombe cha uji kutoka jikoni hadi sebuleni kinakushinda."

"Uji hauna breki, mjomba."

Nafikiri alicheka ndani kwa ndani, halafu akasema, "Sikiza, Musyoka. Sitaki ushinde. Maliza raundi zote bila kuanguka, basi. Ukimaliza, Kavaluku ni yako likizo nzima na mafuta naweka mimi. Ukianguka, ufunguo unarudi mfukoni kwangu na wewe unachunga mbuzi wa susu mpaka shule ifunguliwe."

Mtu ambaye hajawahi kuchunga mbuzi wa susu hawezi kuelewa uzito wa maneno hayo. Wale mbuzi hawana adabu. Unawapeleka penye majani, wanataka mahindi ya jirani, na jirani akitokea, wao ndio wa kwanza kukuacha hapo peke yako na kesi. Kwa upande wa pili kulikuwa na pikipiki, upepo kifuani, na kila msichana kati ya Mwala na Katangi akiuliza, yule ni nani? Nilikubali kabla mjomba hajafunga mdomo.

Shida ilikuwa tairi ya nyuma. Ilikuwa imeisha meno kama susu mwenyewe (samahani susu, najua hutasoma hii), na kwenye vumbi la Mwala, tairi isiyo na meno ni kama kukimbia na soksi kwenye sakafu iliyopigwa nta. Tairi mpya ya mashindano, ile yenye meno makubwa, bei yake ungedhani inakuja na pikipiki nyingine ndani. Kwa hivyo mjomba akanituma mjini kwa mzee Abdi, Msomali mmoja mwenye duka la tairi karibu na soko, ambaye huleta tairi zilizotumika kutoka kwa watu wa Nairobi, wale wa pikipiki kubwa za michezo, watu ambao hutumia tairi wikendi chache tu halafu wanaitupa ikiwa bado na maisha yake.

"Kijana," mzee Abdi akaniuliza, "unataka tairi ya kupigwa picha ama ya kukimbia?"

"Ya kukimbia, mzee. Lakini kama pia ina sura, sitakataa."

Akaingia nyuma, akarudi na kitu cha rangi ya goti la ndovu, kimechubuka pembeni, kimeandikwa nambari ya mwenyewe wa zamani kwa rangi ya manjano. Nikakunja uso. Akanishika kidole gumba akakibonyeza kwenye mpira. "Sikia hiyo. Bado laini. Meno yote yako. Hii sura ni mbaya lakini tabia ni nzuri."

Akataja bei. Mimi, kwa kuwa najua mambo ya soko, nikaguna, nikarudisha pesa mfukoni, nikaondoka polepole nikingoja kuitwa. Nilifika mlangoni, sikuitwa. Nikafika kona, sikuitwa. Nikainama kufunga kamba ya kiatu ili nimpe mzee wa watu nafasi ya kufikiri, nikakumbuka nimevaa ndala. Ikabidi nirudi mwenyewe.

"Karibu tena," akasema mzee Abdi bila hata kuinua kichwa.

Basi nikatoka na tairi yangu begani, roho safi kabisa, na hadithi ingeishia hapo kama nisingekutana na Kyalo. Kyalo mnamjua, tunakaa naye dawati moja, baba yake ana duka la vifaa vya ujenzi, na pikipiki yake ilikuwa imewekwa tairi mpya kabisa, mpya hadi zile ndevu ndogo za mpira zilikuwa bado zimesimama. Alikuwa amesimama nje ya duka lao na Mwende. (Mwende ni Mwende. Sina maelezo zaidi, na hata ningekuwa nayo nisingewapa.)

"Niaje, Musyoka!" Kyalo akapiga kelele, ng'ambo ya barabara, ili mji wote usikie. "Hiyo umenunua kwa mtu wa akala? Mbona amekupa ya mguu mmoja? Mwambie akumalizie na ya kushoto!"

Akala ni zile ndala zinazokatwa kutoka kwa tairi kuukuu, ambazo susu huvaa shambani. Na Mwende akacheka. Sasa nataka muelewe hapa, maana hapa ndipo reli ilipoachana na treni: kama angecheka Kyalo peke yake, leo ningekuwa nawasimulia habari nyingine.

Siku ya mashindano niliamka mapema, mjomba akiwa bado anaoga kwa mkono mmoja na kulalamika kwa sauti. Tairi ilikuwa tayari imefungwa, na Kavaluku alikuwa kivulini kando ya tangi la maji, mzuri kila mahali isipokuwa nyuma. Nikaangalia ile rangi ya goti la ndovu. Nikasikia kicheko cha Mwende. Na sanduku langu la shule lilikuwa pale sebuleni, na ndani ya sanduku kulikuwa na mkebe wa rangi nyeusi ya viatu, umejaa karibu wote, kwa sababu tangu ninunuliwe nilikuwa nimeugusa labda siku ya kwanza ya muhula. (Mwalimu Mutiso, mwalimu wetu wa zamu, amenitoa kwenye mstari mara nyingi sana kwa sababu ya viatu vyenye rangi ya barabara. Mkumbuke huyo mwalimu, anarudi.)

Nikasema nipake kidogo tu, pembeni, nifunike ile nambari ya manjano. Nikapaka. Nikapiga brashi. Ikang'aa! Basi nikapaka na upande wa pili, ndugu asije akaona wivu. Ikang'aa zaidi. Halafu nikaangalia yale meno, makavu, ya kijivu, nikajiuliza, sasa uso ung'ae na meno yabaki machafu kwa nini? Nikapaka meno. Nikapaka katikati ya meno. Nilipaka mpaka mkebe ukabaki unalia tu brashi ikigusa bati, na tairi ilikuwa nyeusi ti, unaweza kuchana nywele ukijiangalia humo.

Mjomba alipotoka akaikagua kwa jicho moja, lile lingine likiwa na sabuni. "Eh. Umeiosha vizuri," akasema. Nikaificha brashi nyuma ya mgongo. Tukaiinua nyuma ya pikapu ya jirani, tukaenda Mwala.

Uwanjani jua lilikuwa limeshawaka. Watu wamejaa, wamama wa kwaya wamekaa mbele na blauzi zao nyeupe, susu akiwa katikati yao, na kwenye kona ya kwanza kuna meza ya mtangazaji na yule beberu wa zawadi, mweupe pepe, amefungwa kwenye mti. Mtangazaji ni nani? Mwalimu Mutiso, na maiki mkononi. Mwende alipita akaangalia tairi yangu, akasema, "Wacha! Hiyo ndiyo ile ya juzi?" Kyalo akainama akajifanya anakagua breki zake. Wandugu, nilijiona nimeshinda na hata hatujaanza.

Bendera ikaanguka, nikavuta mafuta. Wenzangu wakaenda. Mimi nikabaki. Injini inalia, gurudumu la nyuma linazunguka kama linasaga mahindi, na Kavaluku yuko palepale, maana ile rangi ilikuwa imeyeyuka kwa jua ikawa kama siagi. Nikaongeza mafuta. Nyuma yangu nikasikia ukelele wa wanawake. Nikageuka, nikaona kwaya nzima imegeuka kuwa kanga, wale ndege wa porini, madoadoa meusi kutoka kitambaa cha kichwa hadi kiunoni, na susu anajipangusa uso huku anauliza kwa Kikamba ni mtoto wa nani huyo. Mtoto wa nani, susu!

Halafu pikipiki ikaondoka. Si kwamba rangi iliisha, hapana, ila vumbi la Mwala lilinata kwenye rangi, rangi ikanata kwenye vumbi, na nafasi zote katikati ya yale meno mazuri ya mzee Abdi zikazibwa kabisa. Nilikuwa nimenunua tairi ya mashindano nikaigeuza chapati. Kwenye njia iliyonyooka mambo yalikuwa sawa. Kwenye kona, mbele ya Kavaluku ilikata kulia kama nilivyoiambia, na nyuma ikaendelea na safari zake.

Nilikwenda kwa ubavu kuelekea meza ya mwalimu. Mwalimu Mutiso, ambaye shuleni hata kengele ikilia hutembea pole, niliona akiruka kiti. Pikipiki ikalala, ikachana tairi kwenye jiwe, mimi nikashika kitu cha kwanza kilichokuja mkononi, na kitu hicho kilikuwa na pembe. Beberu akashtuka, kamba ikakatika, akanivuta hatua kadhaa hadi chini ya meza, na maiki ikaanguka karibu na mdomo wangu. Kwa hivyo ndiyo, ni kweli uwanja mzima ulisikia sauti ikisema, "Susu! Susu, nisaidie!" Lakini hiyo si kulia. Ni kuomba msaada.

Beberu akaniacha akatoka mbio, ubavu wake mweupe ukiwa na mstari mweusi wa tairi, mashindano yakasimamishwa, na pikipiki zote zikageuka kumfukuza yeye. Aliyemkamata ni Kyalo. Akarudi amemlaza juu ya tangi la mafuta, watu wanampigia makofi, na aliyekuwa anaongoza akasema mwenyewe kwamba Kyalo apewe tu, maana hakuna aliyekuwa na nguvu za kuanza upya.

Wakati huo mwalimu alikuwa amechuchumaa kando ya Kavaluku. Akagusa tairi kwa kidole, akakinusa. Maiki alikuwa ameiokota na hakuizima.

"Musyoka. Hii ni rangi ya viatu?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Nyeusi?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Kwa hivyo kumbe unajua kazi yake."

Uwanja ulianguka. Watu walicheka wakashikana mabega. Hata wamama wa kwaya, na madoa yao, walicheka. Mwende peke yake ndiye aliyekuja akanipa leso, akasema, "Lakini ilikuwa inang'aa, usijali," na mpaka leo sijui kama alikuwa ananipa moyo au ananimaliza.

Mjomba Nzioka hakucheka wala hakunigombeza. Alikuja na mkono wake mmoja mzima, akachomoa ufunguo, akautia mfukoni taratibu.

"Mjomba, sikuanguka," nikajitetea. "Ni mbuzi aliniangusha."

"Najua," akasema. "Ndiyo maana utakaa nao mpaka muelewane."

Basi nimekaa nao. Tairi ilikuwa imechanika haifai tena, na mjomba akaipeleka kwa mtu wa akala, akaniletea jozi moja mpya, saizi yangu kamili. Nimezivaa likizo nzima nyuma ya mbuzi wa susu, kwenda mtoni na kurudi, na niwaambie ukweli, mzee Abdi hakunidanganya: zile akala hazitelezi hata kwenye tope. Tairi imezunguka Mwala yote bila kuanguka, ila tu dereva alikuwa anaenda kwa miguu. Na nimeapa mbele ya mbuzi wote kwamba kitu kikishanipa tabia nzuri, mimi na sura yake hatudaiani tena, na nikikosea nikashika brashi, iwe ni kwa ajili ya viatu, na iwe mwalimu Mutiso anaangalia.

Wiki ya mwisho ya likizo Kyalo alinipita barabarani, Mwende amekaa nyuma, tairi yao mpya inalia vizuri. Alipiga honi, akapunguza mwendo, nikaona meno yake yote yakijitayarisha kusema kitu. Nikamuwahi. Nikainua mguu juu kabisa, mbele ya mbuzi na watu.

"Kyalo!" nikamwita. "Nilimwambia! Na ya kushoto alinimalizia!"